Mwendo wa Kumi na Mbili

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama yangu amepona mguu. Alikuwa kwenye skrini ya Taratibu, ndani ya gauni lake la bluu, akivuka daraja la mbao kwa hatua za gwaride, huku msichana mdogo akiruka mbele yake bila hata kugeuka nyuma. Mama alifariki mwaka na nusu uliopita. Tangu nipate akili, sikuwahi kumwona akivuka hata kizingiti kwa mwendo ule.

"Umefanya nini?" nikauliza.

"Nimesafisha," akajibu, bila kuinua macho.

Taratibu ndiye anayewatembeza wahusika wetu. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu hajawahi kukimbilia kitu, hata chai ikiwa inapoa. Tuko wawili tu katika chumba hiki kilicho juu ya duka la magodoro. Mimi natunga mafumbo, yeye anayatia uhai. Mwaka mzima na zaidi tumekuwa tukitengeneza mchezo mmoja wa kompyuta. Nyumba imepasuka, vyumba vyake vinaelea hewani, na msichana anaruka kutoka kabati hadi dirisha, dirisha hadi ngazi, akimwongoza mama yake kwenye chumba cha juu kabisa, ambako atamwacha.

Fumbo kubwa ni daraja. Mbao zake huzama zikikanyagwa upesi, kwa hiyo msichana lazima alinganishe hatua zake na za mama, anayeburuta mguu wa kushoto. Asiyejua kungoja havuki. Hilo ndilo lililokuwa neno langu lote kuhusu msiba, sikuwa na jingine. Na mwendo ule haukuwa wa kubuni. Ulikuwa wa mama mwenyewe, niliyemrekodi kwa simu kwenye korido ya nyumba yetu, miezi minne kabla moyo wake haujasimama.

"Kulikuwa na mafaili kumi na mawili ya mwendo wake," Taratibu akaeleza. "Mchezo ulikuwa unatumia la kwanza. Nikajua ni kosa, nikaweka la mwisho. Mengine nimefuta."

"Umefuta?"

"Na pipa la taka nimelimwaga. Mchezo tunampelekea mnunuzi Ijumaa, na ulikuwa mzito mno."

Akaelekeza kidevu ukutani. Pale palikuwa na karatasi yenye mwandiko wangu: LA MWISHO NDILO SAHIHI. Niliibandika mwenyewe, baada ya yeye kupoteza wiki nzima akifanyia kazi faili lililokwisha kubadilishwa.

Nilipandwa na hasira. Simu niliyomrekodia mama iliibwa zamani, na nakala nyingine sikuwa nayo. Nilimwambia Taratibu hana akili, hana haya, na kwamba angekuwa na mama angeelewa. Mama yake yu hai. Humpigia kila siku saa saba mchana kumuuliza kama amekula. Nilijua hilo vizuri, na nilitaka limuume.

Saa saba simu yake ikaita. Akatoka kwenda kuipokelea ngazini, nisisikie.

Aliporudi alibaki amesimama. "Dada, nisikilize. Hilo la kumi na mbili ninalo zima, kabla hujalipunguza. Lina sauti. Nilidhani unakumbuka."

"Sauti ya nani?"

"Yako."

Akanivisha vipokea sauti, akabonyeza.

Kwanza ilikuja korido yetu, na mama amesimama kwenye mlango wa jiko. Halafu nikasikia sauti yangu. "Haya mama, mara ya mwisho, na safari hii nyoosha mguu. Huyu wa kwenye mchezo si kilema."

Wakati ule mchezo ulikuwa mwingine kabisa, wa kuchekesha, wa mama mpishi anayefukuzana na kuku. Nilihitaji mtu mzima wa kutembea, na mama alikuwa karibu. Kwa mwaka na nusu nimekuwa nikijisimulia kwamba nilimrekodi kwa sababu nilimpenda.

"Nimejaribu mara kumi na moja, mwanangu," mama akasema, akicheka. "Au huu mguu niutangulize, mimi nije baadaye?"

"Mama, nina kazi," nikajibu, nikivuta pumzi ya kuchoka.

"Haya. Tazama basi."

Akaja. Akanyoosha mguu uliovunjika kabla sijazaliwa na kuungwa vibaya, akatembea kutoka jikoni hadi sebuleni, amejiuma mdomo wa chini.

"Imetosha?"

"Imetosha," nikasema. Nyuma ya neno hilo zilisikika kelele za vidole vyangu kwenye kompyuta. Hata sikuwa namtazama.

Simu iliendelea kurekodi. Mama aliegemea ukuta, akajisugua nyonga, akachechemea hatua nne hadi kwenye kiti.

Nilivua vipokea sauti. Hasira ilikuwa bado imenijaa, ila sasa sikuona wa kumtupia.

"Hatua nne zinanitosha," Taratibu akasema kwa upole. "Nikizizungusha, anachechemea mpaka kesho. Daraja linarudi lilivyokuwa, tunapeleka Ijumaa, na hakuna atakayejua."

"Hapana. Weka miendo yote miwili."

"Yote miwili vipi?"

"Mpe msichana kitufe cha kumharakisha mama. Mchezaji akikibonyeza, mama ananyoosha mguu na kutembea kama huyu wako. Akikiachia, mama anashika kamba ya daraja, anajisugua, anaendelea anavyoweza."

"Na mbao?"

"Kitufe kikibonyezwa, hazizami."

Taratibu akakuna kichwa. "Sasa si mtu atabonyeza tu apite? Hilo si fumbo tena. Akibonyeza anapata adhabu gani?"

"Hapati adhabu yoyote," nikasema. "Anapita."

Akavuta kiti, akaanza kazi. Ile samahani aliyonidai sikuitoa siku ile. Niliitoa Jumatano, tukiwa tunafunga mlango, na yeye akasema mama yake ananisalimu.

Alhamisi mchana alinipa pedi ya kuchezea. "Jaribu wewe kwanza."

Nilipanda kabati, nikaruka dirisha, nikapita ngazi. Nilikuwa nimeapa kwamba kitufe kile sitakigusa. Nikafika darajani, lenye mbao ishirini na mbili. Nikakanyaga ubao wa kwanza, nikangoja. Nyuma yangu mama akauburuta mguu, akafika. Wa pili, nikangoja. Nje mtu alikuwa anapakua magodoro na kugombana na dereva. Barua ya mnunuzi ilikuwa wazi kwenye kompyuta ya pili, akiuliza kama tuko tayari. Ubao wa sita. Wa saba. Kwenye wa tisa mama alichelewa kidogo, na nikajisikia nikivuta pumzi ya kuchoka, ileile ya koridoni, na kidole gumba kikashuka kwenye kitufe.

Mama akanyoosha mguu, akaja.