Mama Mkwe Hatoki Bila Kuonyesha Mkono

Gari lilikuwa langu, nimelinunua kwa jasho langu la kushona mapazia, lakini aliyekuwa anatamba nalo mjini ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Yeye ana leseni, mimi sina. Alikwisha hata kuliandika ubavuni jina lake la utani kwa rangi nyekundu: SIMBA. Kila nikiliona, damu ilinichemka.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa nafanya mtihani wa udereva kwa mara ya nne. Ule wa tatu nilifelishwa kwa kumbana mwendesha baiskeli kwenye mzunguko, na mtahini alikuwa huyuhuyu wa leo, bwana wa uso mkavu, hacheki hata ukimtekenya. Nikaapa kwamba leo baiskeli yoyote nitakayoikuta mbele nitaiheshimu kama mkwe.

Tukaingia kwenye mzunguko mkubwa karibu na soko. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umekandamiza kifuniko cha kikapu. Nikapunguza mwendo, nikakaa nyuma yake kwa adabu zangu zote. Njia ya kwanza hakutoka. Ya pili hakutoka. Tukazimaliza zote, tukaanza upya.

Nikamtazama mtahini aniambie nimpite. Alikuwa ameteleza kitini mpaka mkanda umemfika masikioni.

"Usimpite," akanong'ona. "Na ole wako upige honi. Huyo ni mama mkwe wangu."

Tukazunguka. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeshajaa, na lori la matofali lilikuwa linanguruma hadi viti vyetu vinatetemeka. Mama akageuza shingo kidogo.

"Mkwe! Nimekuona, usijifiche! Si wewe uliyeniapisha nisitoke kwenye mzunguko bila kuonyesha mkono? Haya, nikiuachia huu, paka anaruka!"

Kweli, kikapu kilikuwa kinalia nyau.

"Si atoke tu?" nikauliza.

"Hatoki," mtahini akasema kwa huzuni. "Hujui alivyo mbishi. Mimi nimemwoa binti yake, najua."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Niikose leseni kwa sababu ya paka? Shemeji aendelee kutanua na gari langu? Nikateremsha kioo.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kwa daktari wa mifugo!"

"Basi nakuonyeshea mimi! Taa yangu ndiyo mkono wako!"

Nikawasha indiketa, nikabaki nyuma yake, msafara mzima nimeuzuia kwa mgongo wangu. Mama akaitazama taa ikiwaka na kuzima, akaridhika, akatoka taratibu. Nasi tukamfuata mpaka mlangoni kwa daktari.

Akashuka, akainama dirishani kwa mtahini.

"Huyu binti amefaulu?"

"Mama, tumeiacha njia ya mtihani..."

"Nimekuuliza, mkwe."

Mtahini akajiinua kitini.

"Amefaulu, mama. Na shikamoo."

"Marahaba. Nilikuwa naisubiri tangu kwenye mzunguko."

Nyumbani nilimkuta shemeji ameegemea gari, anaifuta SIMBA kwa kitambaa ili ing'ae. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mkono wote, kama inavyotakiwa barabarani.

"Funguo, Simba."