Mlingoti wa Deogratius

Siku ya nne tangu mto umchukue Deogratius, wazee wa Masuguru walikata mlingoti wa mkonge, wakaulaza kwenye mkeka sebuleni, wakaufunika shuka jeupe mpaka kifuani. Yaani pale ambapo pangekuwa kifua.

Bonaventura, kaka yake Deogratius, alikaa ukutani mkabala na mlingoti, anakunywa chai. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Hicho ndicho alichokiona siku hiyo, tangawizi. Alipopigiwa simu kule Kwamsisi aliondoka na nguo alizovaa, akapanda bodaboda, akapanda basi, njia nzima anajiandaa kulia. Alipofika Korogwe akajitafuta ndani, hakukuta kitu. Ilikuwa kama mguu ulioingia ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi.

Mambo ya mlingoti waliachiwa na baba yao. Baba yao aliletwa pamoja na wenzake manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali kuja kukata mkonge na kuishi kambini, na huko kwao mtu akipotelea majini na mwili usionekane, ndugu walizika mgomba. Kambini hapakuwa na migomba. Palikuwa na mkonge mpaka macho yachoke. Basi wakachukua lile shina refu linalobeba ua, ambalo likikauka huwa jepesi kama mkate, likawa ndilo mtu. Wazee waliofuata wakashika hivyohivyo.

"Kesho saa nne tunazika," alisema mzee Ernesti, aliyekulia kambi moja na akina Bonaventura na ndiye aliyekuwa akisimamia msiba. "Watu wana mashamba yao. Mama Evodia, nguo nyeusi zipo tayari, uje uvalishwe."

Mama Evodia ndiye Yusta, mke wa Deogratius. Alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Tangu siku ya kwanza alikuwa anapakua chakula cha mume wake, anakifunika, anakiweka mezani.

"Mimi sikuolewa na mlingoti," alisema.

"Mwanamke, huo ndio utaratibu wetu."

"Basi mzikeni nyinyi. Mimi nitapika namsubiri mtu wangu. Nileteeni Deo nimwone, hata kiatu chake. Siyo hicho kijiti."

Akaiweka sahani mezani, akaifunika, akarudi jikoni.

Ernesti alicheka kwa pua. Bonaventura hakucheka. Alimkumbuka mama mmoja wa kambini, Raheli, ambaye walizika mlingoti wa mume wake naye hataki. Mama yule aliweka sahani miaka kumi na mmoja. Watoto wa kambi, Bonaventura akiwa mmoja wao, walikuwa wanapanda juu ya debe kuchungulia dirishani waone kama marehemu amekula. Mpaka siku mama yule anakufa, sahani ilikuwa mezani.

Asubuhi ya siku hiyohiyo ndipo alipofika Maryamu.

Maryamu ni mpiga picha wa maharusi, duka lake liko Handeni mjini. Mwaka jana alipiga picha za harusi ya Evodia, binti wa Deogratius, na Evodia ndiye aliyempigia simu aje kusaidia kumtafuta baba yake. Alikuja na pikipiki yake mwenyewe, begi jeusi mgongoni, ushungi umejaa vumbi.

"Shikamoo mzee," alimwambia Bonaventura.

"Marahaba, binti yangu."

"Pole na msiba."

"Nimeshapoa."

Akafungua begi, akatoa droni. Kidude cheupe chenye mabawa manne ya kuzunguka na miguu minne mifupi, ukubwa wa sinia la kahawa.

"Bonaventura," Ernesti alisema, "umezunguka nchi nzima, machimbo yote, bandari zote, na leo unamtegemea nzige wa plastiki?"

"Nzige huyu ana macho kuliko wewe, babu," Maryamu alimjibu taratibu, na wazee wawili wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka.

Kisha akamgeukia Bonaventura. Kibali cha kuirusha alikuwa nacho, na mtendaji wa kata ya Kerenge alishampigia. Ila kulikuwa na jambo moja. "Hii imezoea viwanja vya harusi, mzee. Nchi kavu ikianguka naokota vipande. Kwenye maji ikizama imezama, na nyingine sina. Nataka kuifunga maboya miguuni. Nimetafuta njia nzima kitu chepesi, nimekosa. Boya la wavuvi ni zito, haitanyanyuka."

Bonaventura aliitazama droni. Akautazama mlingoti. Akaweka kikombe chini, akaenda uani, akarudi na msumeno.

"Wewe!" Ernesti aliruka. "Unamkata miguu mdogo wako!"

"Atakuwa mfupi kidogo," Bonaventura alisema.

Alikata upande wa miguuni, vipande vinne, kila kimoja urefu wa kidole gumba. Vumbi la mlingoti likamwagika kwenye mkeka. Hakuna aliyemzuia. Labda walikuwa wanangoja aanze kulia.

*

Kutoka Masuguru mpaka Kerenge Bonaventura alikaa nyuma ya pikipiki, vipande mfukoni. Walisimama kwenye kivuko ambapo Deogratius alionekana mara ya mwisho. Alikuwa anatoka shambani kwake, mvua imenyesha milimani, maji yamepanda kwenye gogo la kuvukia, yeye akasema ah, nimelivuka miaka yote hili. Alikuwa amevaa fulana nyekundu. Watu walitafuta siku tatu kwa mtumbwi na miti mirefu, wakapita kila kona, wakachoka.

Maryamu hakutaka kurushia kwenye matope. Alitafuta mahali pagumu, mbali kidogo na ukingo, akatandika kipande cha zulia.

"Mtu ananiambia panda mtumbwi urushie humo," alisema. "Hapana. Hii betri ikikaribia kuisha inarudi yenyewe pale ilipoondokea. Ukiwa umeirushia kwenye mtumbwi, mtumbwi umeshasogea, yenyewe itatua kwenye maji kwa adabu kabisa." Akaonyesha tumbo la droni. "Haya ni macho. Inatazama chini ijue imesimama wapi. Juu ya maji yanadanganyika, maji yakitembea yenyewe inadhani ndiyo inayotembea. Kwa hiyo chini ya kimo cha paa la nyumba siishushi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Yafunge maboya, mzee, mikono yako imezoea kamba. Usizibe macho. Na ukate mikia yote ya kamba, kabisakabisa, isibaki hata ya kushika."

Bonaventura alichukua uzi wa mkonge, akafunga. Hapo mikono ilifanya kazi yenyewe. Tangu akiwa mdogo alifunga mafungu ya mkonge nyuma ya baba yake, na fundo la kambini lina mkia mrefu, ili msimamizi akifika auvute, fungu lifunguke, ahesabu majani. Fungu lisilo na mkia lilikataliwa. Alifunga la kwanza akakata mkia. La pili akakata. La tatu akakata. Simu ikaita, Ernesti, anauliza kaburi lichimbwe urefu gani sasa maana mlingoti umepunguzwa. Bonaventura akamwambia chimba urefu wa mtu. Akakata simu, akafunga la nne.

"Tayari?" Maryamu aliuliza.

"Tayari."

Droni ikapanda, inalia kama nyuki. Bonaventura alitazama kwenye kioo cha simu iliyobanwa kwenye rimoti. Aliona matete, ng'ombe wanakunywa maji, nguo zimeanikwa juu ya vichaka. Aliona mzee mwenye kofia amesimama karibu na binti mwenye ushungi, akajiuliza yule mzee ni wa nani. Kisha akajua ni yeye.

Betri ya kwanza ikaenda bila kitu. Maryamu alikuwa anairudisha ikiwa bado na nusu kasoro. Bonaventura akamwambia mbona bado ina nguvu, naye akajibu kwamba upepo wa mtoni ukikugeukia, ile nguvu uliyoidharau ndiyo inayoirudisha, tena leo imebeba mzigo. Betri ya pili, bila kitu. Saa nane ikapita. Jua kwenye maji likawa linarudisha mwanga wote machoni.

Betri ya tatu, ya mwisho, Bonaventura akaona wekundu. Kwenye kona ya mto, kati ya matete.

"Hapo! Shusha."

"Naona. Ngoja nikuze picha."

"Shusha, mwanangu. Fulana nyekundu ile."

"Mzee, tulisema paa la nyumba."

"Kaburi limechimbwa," alisema Bonaventura. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Maryamu alimtazama. Akashusha. Kimo cha mti mmoja, cha paa, cha mlango. Ilipokuwa inashuka haraka, hewa ya chini ikanyanyua kitu chembamba kwenye mguu mmoja, na kioo kikazunguka mbingu, maji, mbingu, maji. Halafu kikaganda.

"Ya Allah," Maryamu alisema.

Walikimbia. Walipofika kwenye kona ile waliona wekundu wenyewe, beseni la plastiki la kufulia limenasa matopeni. Na katikati ya mto, droni inaelea kiupande, nusu imezama, vipande vinne vya mlingoti vimeishikilia, taa yake moja inakonyeza.

"Inaelea!" Maryamu alisema. "Mzee, inaelea!"

Lakini mto ulikuwa unaondoka nayo. Waliifuata ukingoni, Maryamu mbele ameshika viatu mkononi, Bonaventura nyuma. Ikapita kona, ikapita mawe wanapofulia kina mama, ikafika kwenye mkuyu mkubwa ulioangukia majini. Pale watafutaji walipita mara mbili na mtumbwi, waliona matawi tu. Droni ikasita kwenye matawi, ikazunguka kama inayouliza njia, ikapinda kushoto, ikaingia chini ya majani.

"Imeingia wapi?"

"Kuna mfereji humo," Bonaventura alisema. Alishausahau. Ni mfereji wa zamani wa shamba la mkonge, uliokuwa unavuta maji kwenda kiwandani. Umefunikwa na miti miaka mingi, toka angani ni kijani tupu. Betri mia moja zisingeuona.

Walizunguka kwa nyuma, wakapenya vichaka. Mfereji ulikuwa na maji mazito yasiyotembea. Kila kilichochukuliwa na mto kilikuja kupumzika pale, chupa, magunzi, kandambili, mpira wa watoto. Droni ilikuwa mwisho kabisa, imeegemea kisigino cha mtu.

Kisigino kilikuwa na kovu kubwa upande wa nje. Deogratius alikatwa na panga akiwa na miaka tisa, na Bonaventura ndiye aliyekuwa ameshika panga.

"Usiingie, mzee. Mamba."

"Siingii."

Maryamu akapiga simu kwa Julius, mgambo wa kijiji, waje na mtumbwi. Huku nyuma Bonaventura akavunja tawi, akaivuta droni mpaka ukingoni. Akajikuta anaifuta tope kwa ncha ya shati, polepole, kila bawa. Alikuwa hajamtazama tena mdogo wake. Kwenye bawa la nne kulikuwa na uzi wa mkonge umejizonga, mgumu kama waya, na ukiufuata unafika kwenye fundo lake.

"Ni mkia wangu," alisema.

Maryamu alikuja akachuchumaa. "Nimeuona, mzee."

"Uliniambia nikate."

"Uliniambia tayari, nikaamini. Mkaguzi ni mimi." Akachomoa betri, akaishika kwa ncha za vidole. "Hii haichajiwi tena. Ikishanywa maji inaweza kuwaka siku yoyote, watu mmelala. Itafutiwe mchanga, mbali na nyumba."

Bonaventura alichimba kwa tawi lilelile, akaizika hapo mchangani. Akashindilia kwa mguu. Mtumbwi ulipofika alikuwa bado anashindilia.

*

Walimfikisha Masuguru jioni, amefungwa kwenye turubai. Yusta alitoka nje, mikono ina unga.

"Shemeji. Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona."

"Ni yeye?"

"Kisigino chake."

Yusta alitikisa kichwa kama mtu anayepokea mzigo begani. Kisha akapiga yowe ambalo mtaa mzima ulilisikia, na wanawake wakamfuata, na Evodia akaanguka. Bonaventura alisimama katikati yao, anasubiri zamu yake. Haikuja.

Ernesti alimgusa mkono. "Na mlingoti tufanyeje?"

"Uko wapi?"

"Nimeutoa nje. Haufai kulala nyumba moja naye."

Ulikuwa umeegemezwa kwenye banda la kuku, bila shuka, mwisho wake umekatwa. Kuku alikuwa ameshapanda juu.

"Uache hapo," Bonaventura alisema.

Maryamu aliaga wakati watu wanapanga viti. Droni ilikuwa kwenye begi ndani ya taulo, na hakuna aliyejua kama itaruka tena. Alisema ataisubiri ikauke wiki nzima ndipo aijaribu, siyo kabla. Bonaventura alimsindikiza mpaka barabarani, akamfungia begi vizuri mgongoni. Safari hii alikagua kila mkanda.

Aliporudi, Yusta alikuwa ameshavalishwa nyeusi. Alikuwa mezani, mbele ya ile sahani. Akaifunua.

"Shemeji, njoo ule. Kisiharibike."

Bonaventura alinawa, akakaa kwenye kiti cha mdogo wake. Ugali ulikuwa umepoa. Akamega, akachovya, akatia mdomoni. Mboga ilikuwa na chumvi ya kutosha. Akamega tena.