Pedali za Kulwa

Wiki tatu baada ya kumzika pacha wake, Doto alianza kulaumiwa na watu wa mtaa wa Chemchem kwamba haitikii salamu.

Wa kwanza alikuwa mzee Hamoud, mwenye duka la vitambaa mkabala na karakana ya baiskeli ya Doto. Alivuka barabara amekunja uso.

"Doto, jana saa nane nimekuita ukipita na baiskeli. Umenitazama tu, ukaendelea. Nimekukosea nini?"

Doto aliweka chini mpira aliokuwa akiuziba pancha. Jana saa nane alikuwa amelala nyuma ya karakana, kichwa kinamgonga.

"Shikamoo, mzee. Labda umenifananisha."

"Marahaba. Nikufananishe na nani?"

Neno lilipomtoka, mzee Hamoud alilisikia mwenyewe. Akakusanya kanzu yake, akarudi dukani.

Kulwa na Doto walifanana hata mama yao alikuwa akiwaita kwa kubahatisha. Kulwa alikuwa akinunua asali Ipole na kuileta Tabora kwa baiskeli, safari ya siku mbili, madumu yamefungwa kwenye karia. Julai hii kifua kilimbana njiani, kabla hajafika Sikonge. Waliomkuta walisema alikuwa amekaa, ameegemea kichuguu, uso ameuelekeza Tabora. Akazikwa Ipole kwa baba yao, siku ileile ambayo mkewe, Consolatha, alikuwa hospitalini hapa mjini akijifungua. Hakumzika mumewe, na Kulwa hakumwona mwanawe. Baiskeli ilirudi juu ya lori la tumbaku, Doto akaitundika kwenye kulabu mbili ukutani.

Siku mbili baada ya maneno ya mzee Hamoud, Doto alikutana sokoni na Pelagia, mama anayeuza karanga kando ya barabara huko Kipalapala.

"Fundi, hilo jua la saa nane litakuua," alimwambia. "Kila siku unapita pale huna hata kofia. Halafu nakuona ukija mjini tu. Kurudi unapitia wapi?"

Doto alirudi karakana mbio. Baiskeli ilikuwa palepale ukutani, lakini rimu zake zilikuwa na vumbi jekundu, laini kama unga. Alilifuta kwa kitambaa. Kesho yake lilikuwepo tena. Aliweka kiganja juu ya pedali ya kushoto, upande ambao jua halifiki kabisa, akakuta mpira wake una joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Hakumwambia mtu. Alihofu wangesema msiba umemvuruga akili. Lakini Jumamosi Consolatha alikuja mwenyewe, mtoto yuko mgongoni.

"Shemeji, jana umekula ukaondoka bila kuaga. Hata kama tuna majonzi, si hivyo."

"Nimekula wapi?"

"Kwangu. Umekuja na baiskeli ya Kulwa, ukakaa kwenye kiti cha mlangoni, nikakuletea ugali na mlenda. Nikakuuliza habari za kazi, hukujibu. Muda wote unatazama pazia la chumbani, mtoto alikuwa amelala kule." Doto aliona rangi ya uso wake ikibadilika. "Ulikula kwa mkono wa kushoto. Nikadhani wa kulia umeuumiza kazini."

Doto alinyoosha mikono yote miwili. Haikuwa na jeraha. Katika nyumba yao, mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Consolatha alimtoa mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani. "Ile baiskeli," alisema, bila kuitazama. "Ing'oe kitu, isiendeshwe tena. Nina mtoto mchanga ndani, shemeji. Naogopa."

"Nitatoa pedali."

Aliposema hivyo alidhani ni kazi ya dakika kumi. Aliishusha, akaigeuza juu chini katikati ya karakana. Ila pedali zile alizifunga Kulwa mwenyewe, tena bila grisi, kwa ubishi wake, na kutu ilikuwa imezishika kwenye vyuma zinamofungwa, kama zimeota humo. Doto alizimiminia mafuta ya taa, akaziacha zilowe mpaka Jumatatu. Akazimwagia maji ya moto. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akalilalia kwa uzito wake wote. Moja ikalia kwa sauti kali, ikaanza kuzunguka. Akaitoa.

Ya pili ilikataa. Alivuta hadi spana ikateleza na kumchuna vidole. Akaigonga kwa nyundo, akavuta tena. Jasho lilimwingia machoni. Nje barabara ilikuwa tupu, wenye maduka wamejifungia ndani kukwepa jua. Ilikuwa saa nane.

"Unakaza," sauti ilisema nyuma yake.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Umeigeuza juu chini, umechanganya pande. Hiyo ni ya kushoto, Doto."

Hakugeuka. Shingo ilikataa. Kila fundi anajua kwamba pedali ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia. Yeye alikuwa amelijua hilo miaka ishirini. Alihamisha spana, akasukuma kuelekea upande wa pili. Pedali ikalegea bila ubishi, kama kifuniko cha chupa. Hewa ya karakana ilinuka moshi, ule wa kufukuzia nyuki. Alipopata nguvu ya kutazama nyuma, mlangoni palikuwa na mwanga mweupe tu.

Siku nne zilipita kwa utulivu. Rimu zilibaki safi, Consolatha akaanza kulala. Siku ya tano mzee Hamoud alivuka tena barabara, safari hii polepole.

"Doto, mwanangu, sijui niseme au ninyamaze. Mchana nimekuona. Ulikuwa unaisukuma ile baiskeli. Umechoka hoi. Na miguu yako, vumbi mpaka hapa." Aligusa goti lake. "Kwa nini unatembea peku?"

Doto alikaa chini. Yeye ndiye aliyemvika pacha wake sanda, na ndiye aliyesema viatu havihitajiki.

Alifunga karakana, akaenda moja kwa moja kwa Consolatha, akamweleza yote, hata ile sauti. Shemeji yake alisikiliza hadi mwisho.

"Anatembea kutoka Ipole?" aliuliza.

"Kwa miguu. Na anaisukuma."

Consolatha alilia, na kilio chake hakikuwa cha woga tena. "Mtu anakuja kwake, shemeji. Anakuja kumwona mwanawe, na sisi tunamng'olea pedali."

Asubuhi iliyofuata Doto alisugua kutu yote, akapaka grisi nyingi, akazirudisha pedali kwa vidole tu mpaka zikakaa, kisha akazikaza kidogo kwa spana. Akaipeleka baiskeli kwa Consolatha, akaiegemeza ukutani kwa nje. Consolatha akakaa kwenye mkeka sebuleni, mtoto mapajani, akielekea kile kiti cha mlangoni. Doto alisimama jikoni, mgongo kwa mlango, kwa kuwa hakutaka kuona uso wake mwenyewe ukiingia.

Saa nane ilifika. Kuku walinyamaza. Doto alisikia kiti kikilalamika.

"Karibu, baba," alisema Consolatha. Sauti yake ilitetemeka, halafu ikatulia. "Ni wa kiume. Tumempa jina la baba yenu, Mathias. Samahani sikuja kukuzika. Nilikuwa nalala naye hospitali."

Mtoto alitoa sauti ndogo ya kushangaa, kisha nje cheni ya baiskeli ikaanza kulia, tik, tik, tik, ikapungua kuelekea barabara ya Kipalapala.

Doto alipoingia sebuleni, Consolatha alikuwa amefumbua macho sasa hivi, anamtazama mtoto. Kwenye paji la uso la mtoto kulikuwa na alama ya dole gumba ya vumbi jekundu.

"Ni wewe umemshika?" aliuliza Consolatha.

"Sijatoka jikoni."

Ukutani hapakuwa na baiskeli. Waliitafuta, Doto akauliza mpaka Sikonge, haikuonekana. Jioni ile walipomwogesha mtoto, Consolatha alimwacha paji la uso mpaka mwisho kabisa, kisha akalipitishia maji kwa kiganja.