Kidole cha Tano

Siku tatu Yudron alichimba kule juu, miti inapokoma, na siku zote tatu akarudi na mizizi ya vidole viwili, vikizidi sana vitatu. Nyumbani, mama yake Pelkyi alikuwa kitandani tangu theluji iyeyuke, hana nguvu hata ya kuinua bakuli. Tabibu Lhundrup alishasema, "Mletee mzizi wa ua la wanglak, wenye vidole vitano kamili, kama mkono wa mtu. Na uchimbe kwa pembe. Chuma kisiuguse, nisikie!"

Siku ya nne akaona ua moja la zambarau kando ya jiwe. Akapiga magoti, akaanza kufukua kwa pembe ya swala, taratibu. Kikatokea kidole gumba. Jamani! Kisha cha pili, cheupe pepepe, kisha cha tatu. Mwili ukamsisimka. Mzizi ulikuwa kama mkono wa mtoto mchanga, umelala ardhini kiganja juu, ukingoja kushikwa. Yudron akasahau baridi, akasahau njaa, akabaki anautazama mdomo wazi.

Basi si hapo mvua ya mawe ikaanza! Haraka ikamponza. Akashika kijembe chake cha chuma, akapiga mara moja tu. Mkono ukang'oka, lakini kidole cha mwisho kikabaki udongoni, kimepondeka, hakifai.

Alishuka akilia njia nzima hadi nyumbani, Tabibu alikokuwa akimngoja.

"Vinne!" Tabibu akashika kichwa. "Mwanangu, umefanya nini? Huu siwezi kuuita dawa."

"Nimemuua mama yangu," Yudron akasema.

"Hebu nyamazeni, mleteni hapa huyo mgeni," Pelkyi akaita kutoka kitandani.

Yudron akampa mzizi. Pelkyi akauweka kifuani, akautazama, akautazama tena. Maisha yake yote alichimba, wala hakuwahi kuona mzuri namna ile. Kisha akaulaza kando ya mkono wake wa kushoto, ambao jembe lilikula kidole chake cha mwisho akiwa msichana, kwa haraka hiyo hiyo.

"Lhundrup, mkono huu umekuchimbia dawa miaka arobaini. Uliwahi kuuhesabu vidole?"

Tabibu akauchukua mzizi. Akageuka. "Yudron, bandika maziwa tuuchemshe humo."

Siku saba Pelkyi alinyweshwa dawa hiyo. Ya nane, Yudron alipoinua bakuli, akapigwa kikofi.

"Lete! Kwani mimi mtoto?"

Akalishika mwenyewe, kwa vidole tisa, na halikumwagika hata tone.