Fyuzi ya Kitinda Mimba

Mume wangu alifunga umeme katika nusu ya nyumba za mji huu, lakini ya kwake aliifunga kama mtu anayekimbizwa. Kila mtoto alipozaliwa tuliongeza chumba, na kila chumba kilipoongezwa alitia fyuzi moja kwenye kisanduku nyuma ya mlango wa sebule. Ya kwanza kifungua mimba, ya tano kitinda mimba. Hakuandika chochote.

"Niandike ya nini?" alisema. "Mimi si nipo?"

Alikuwapo miaka arobaini na mitatu. Kisha, mwaka wa sita wa kustaafu kwake, daktari akatuambia moyo wake umechoka na hakuna dawa ya kuufanya upya. Labda mwaka, alisema. Mimi nililia hadi kwenye ngazi za hospitali. Yeye alinunua plasta nyeupe na kalamu ya wino mzito.

Kesho yake kila fyuzi ilikuwa na plasta yenye jina la chumba chake, kwa ule mwandiko wake wa kuku aliyekanyaga wino. Nilizibandua. Akabandika tena. Nikabandua tena. Mara ya tatu niliziacha, ila nikakataa kuzisoma.

"Mama watoto, siku moja umeme utakatika na mimi sipo."

"Usinitie uchuro ndani ya nyumba yangu."

"Uchuro gani? Hii ni ratiba."

Nitasema wazi: niliona kwamba nikijua kufunga fyuzi nitakuwa nimempa ruhusa ya kufa. Naye usingizi ulimpaa, na haukuwa moyo uliomnyima, ni mimi. Aliniambia mwenyewe, akikunja soksi zake. "Kufa nimeshakubali. Mpanda ngazi hushuka, na mimi nimezipanda za kutosha. Kukuacha gizani ndiko sijakubali." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, friji likanyamaza, na taa ya jikoni nayo haikuwaka. Nilimwita. Alikuja, akaketi sebuleni, akakalia mikono yake.

"Leo mimi sipo," akasema.

"Nakuona hapo umekaa!"

"Marehemu hajibu."

Hasira zikanipanda. Nikazima swichi kuu kwa kishindo, nikachukua bisibisi. Plasta iliyosema JIKONI ilikuwa juu ya fyuzi ya tatu. Nikaichomoa, nikaitazama dirishani. Waya wake ulikuwa mzima kabisa.

"Marehemu, umekosea."

Akafumba macho, lakini mguu ulianza kumcheza.

Nikasimama, nikafikiri. Nyaya alizijua yeye, lakini watoto niliwazaa mimi. Wa tatu alizaliwa tukiwa bado tunapikia uani. Jiko tuliliingiza ndani kwa ajili ya kitinda mimba. Nilikuwa na tumbo la miezi minane, nikimpitishia baba yao misumari dirishani huku nikimtukana. Nikachomoa ya tano. Waya ulikuwa umekatika katikati, mweusi tititi. Nikalegeza skrubu, nikautoa, nikafunga mpya kama nilivyomwona akifunga miaka yote ile nikijifanya siangalii. Nikairudisha mahali pake. Nikawasha swichi kuu.

Friji likanguruma.

Nilipiga vigelegele hadi jirani akachungulia. Mume wangu alikuwa amesimama, anacheka, machozi yanamtiririka. "Ya tano! Kweli ni ya tano! Nilisahauje mimi?"

"Leba uliingia wewe?"

Alasiri nilipangusa taipureta yangu. Nilikuwa karani mpiga chapa miaka thelathini, sivumilii mwandiko mbaya. Nilichapa orodha, mtoto kwa mtoto, nikaibandika ndani ya kifuniko. Niligeuka kumwonyesha. Alikuwa amelala kitini, anakoroma, na nikafurahi kama bibi harusi.

Alinipa miezi kumi na moja zaidi, na karibu yote aliilala vizuri.

Jioni tuliyorudi kutoka makaburini, nyumba ikiwa imejaa watu, taa za sebuleni zilizimika. Kifungua mimba wangu akawa wa kwanza kushika simu, akiuliza nani anamjua fundi wa karibu. Nikamshika bega, nikamkalisha.

"Fundi wa nini?" nikamwambia. "Mimi si nipo?"

Kisha nikaomba mtu anishikie tochi.