Mabaki ya Kitambaa cha Kijani

Kitendawili. Najua mko mbali, lakini niitikieni huko huko mliko. Haya: nakaa ndani siku zote na hakuna anayenisifu, ila siku ukinenepa unanitafuta kwa machozi.

Mmeshindwa, nipeni mji. Basi, nimeshakwenda, nimekula, nimerudi. Jibu ni kile kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Fundi anayejua kazi akishona gauni huacha upana wa vidole viwili kila ubavu, ili mwenye gauni akiongezeka, lifumuliwe lipanuliwe. Na mabaki, hata yakiwa kipande cha kushikia sufuria ya moto, hukunjwa yakafungwa pamoja na gauni, mwenyewe akayachukua. Mwanangu nilimfundisha hivyo tangu miguu yake haijafika kwenye kikanyagio cha cherehani.

Sasa ni mtu mzima. Ana duka la vyumba viwili, msalaba wa rangi ya bluu umechorwa juu ya mlango, na chini yake maneno "Mafundi wa Bwana". Ni mzee wa kanisa pia. Mimi hukaa kwenye kiti changu karibu na dirisha, naweka vifungo na kupiga pindo kwa mkono, kwa sababu macho yangu bado yananitii mpaka saa kumi. Kila asubuhi kabla ya kufungua tunaomba. Siku ninayoisimulia, Alhamisi, aliomba vizuri sana. Alisema kila atakayeingia kwetu aondoke amemwona Kristo.

Wa kwanza kuingia alikuwa nesi wa zahanati, mtoto mgongoni, gauni mkononi.

"Bwana asifiwe humu ndani."

"Amina, dada, amina," akaitikia mwanangu kwa ile sauti yake ya kanisani, ambayo siku hizi anaitumia hata kuomba chumvi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu geuka nimwone huyo mgeni."

Akageuka, nikamwona mgeni amelala, mdomo wazi. Kisha nesi akalitandaza gauni juu ya meza. La kijani, lenye maua madogo ya njano. Nililikumbuka mara moja.

"Limenikataa, Bibi. Zipu inafika hapa katikati, halafu inagoma. Mimi nimejifungua, lakini mwili haujapata habari."

"Utazipata taratibu. Unalitaka lini?"

"Jumapili. Mtoto anabatizwa." Akalinyoosha gauni ambalo lilikuwa limenyooka tayari. "Magauni mengine ninayo. Ila kitambaa hiki alinipa mama yangu, wiki mbili kabla hajatutoka. Hakumwona mjukuu. Nikimpeleka mtoto mbele nimevaa hiki, nitaona kama naye yupo."

Nikalipindua gauni nje ndani nitafute ile ziada. Hakuna. Mshono umepita ukingoni kabisa, kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Ubavu wa kushoto hivyo, wa kulia hivyo. Damu ikanipanda, lakini nikauma ulimi.

"Hakuna neno," nesi akasema alipoona uso wangu. "Tuweke kipande kila ubavu. Kitambaa kilikuwa kingi, Fundi mwenyewe aliniambia kitabaki. Nikasahau kukifuata, mimba ilikuwa inanisumbua."

Mwanangu hakuinua uso kwenye cherehani. "Hakikubaki, dada. Kilikuwa na upana mdogo, kiliisha chote. Muulize Mama, si ndiye aliyekumalizia kwa mkono."

Hapo ndipo aliponiweka. Anajua wateja wananiamini mimi. Wengine huja dukani kwa ajili ya kusikia Bibi amesema nini.

Nyuma ya kiti changu kuna kabati, na ndani ya kabati zilikuwa zimetundikwa skafu kumi na tano za kwaya, zimeletwa kupigwa pasi. Mwanangu alizishona wakati nesi yuko nyumbani anasumbuliwa na mimba, akazitoa kanisani kama zawadi. Za vipande vipande, rangi zote. Mchungaji alisema zinamkumbusha mataifa yote yakimsifu Mungu, watu wakapiga makofi, mwanangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Pindo zote kumi na tano nilizipiga mimi. Nilimwuliza mara moja tu, vitambaa hivi vya nani? Akanijibu, wateja wametoa kwa kazi ya Mungu. Nikaridhika, kwa sababu jibu lilikuwa tamu. Wakati mimi nashinda humo dukani kutwa, na sijawahi kusikia hata mteja mmoja akitoa hata uzi. Siwezi kusema sikujua. Nilichagua kutojua, na nilikuwa nikiimba huku napiga pindo.

"Bibi?" nesi akaniita.

"Kilibaki," nikasema. "Kimo kwenye skafu za kwaya."

Cherehani ikanyamaza.

Nesi alinitazama, akamtazama mwanangu. "Skafu zipi?"

Nikafungua kabati, nikamwonyesha. Maua ya njano yalikuwa kwenye skafu tatu. Akaishika moja kwa vidole viwili.

"Dada, ile ilikuwa sadaka," mwanangu akasema. "Imeshawekwa wakfu. Baraka zake zinakurudia wewe."

"Lakini mimi sikutoa, Fundi."

"Moyo wako ungekubali, nakufahamu."

"Ungeniuliza basi, nikubali."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, ningejua la kufanya. Alimweka mtoto sawa mgongoni, akaliacha gauni mezani, akasema atapita Jumamosi, akaenda kazini. Hata kwaheri aliiambia sakafu.

Mwanangu akarudisha mlango. "Mama, umenivua nguo mbele ya mteja."

"Nguo zenyewe za nani?"

"Usinifanyie mzaha. Mimi nimekula nini hapo? Nimeuza hata kipande? Ni kwaya. Ni kanisa."

"Ungekula ningekuelewa. Njaa naijua. Umechukua cha mtu ukampelekea Mungu, halafu ukasimama upigiwe makofi. Na asubuhi ukaniombesha."

"Sasa watakuja wote kudai."

"Waje."

"Watasema walokole ni wezi."

"Watasema fundi ni mwizi. Halafu watasoma pale mlangoni, watasema na hilo unaloliogopa."

Akakaa. Nilichoka ghafla, mchoko wa kumtwanga mtu maneno yanayomteleza. Miaka yote hii mtoto huyu hajakosa ibada. Anajua nyimbo zote, beti zote. Halewi, hatukani, hajamnyanyulia mkewe mkono. Na hakuna aliyemwambia, wala mimi mama yake sikumwambia, kwamba ukristo unaingia mpaka kwenye mkasi. Nilidhani ataona mwenyewe. Nilimfundisha mshono upande mmoja na sala upande mwingine, nikasahau kuviunganisha.

Nikachukua wembe, nikaanza kufumua zile skafu tatu.

"Jumapili watatu wataimba bila skafu," akasema. "Watu watauliza."

"Ndiyo."

Nilipomaliza nikavipanga vipande mezani. Pembetatu, pembetatu, vyote vya ukubwa wa kiganja. Havikutosha hata ubavu mmoja. Nikavigeuza hivi na hivi kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko ule ule. Mwanangu akaona, na nikaona kwamba ameona.

"Kipande kikubwa kiko wapi?"

Akaanza kuokota nyuzi mezani.

"Baba, nakuuliza."

"Kwenye skafu ya mchungaji. Nilimfanyia ndefu. Nyuma yote ni hicho."

"Kaichukue."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie kama nilivyomwambia nesi. Ni maneno machache."

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Ungekuwa fundi tu ningekwenda mwenyewe."

Alisema atakwenda kesho. Nikasema kesho ni kushona. Alisema mchungaji ana kikao. Nikasema atamsubiri nje. Alisema mengine ambayo siyaandiki, yote yakianza na jina la Mungu, mpaka nikaweka wembe chini nikamwambia alipumzishe kidogo jina hilo, aseme kama yeye. Akatafuta la kusema kama yeye. Akavaa viatu, akatoka.

Nilikaa peke yangu na gauni. Niliomba, lakini sala haikuwa nzuri. Nilimlalamikia Mungu zaidi ya kumwomba. Nikamwambia, wewe umeshonewa vingapi ambavyo hukuvitaka, na hukusema neno? Kisha nikaona aibu, maana wa kusema nilikuwa mimi.

Alirudi saa tisa na nusu, skafu imekunjwa kwenye gazeti. Akaiweka mbele yangu. Kitambaa kilikuwa kirefu, kizuri, kinatosha pande zote mbili na ziada ndani yake.

"Amesemaje?"

"Aliigeuza skafu, akaitazama nyuma." Akavuta kigoda, hakukaa kwenye kiti chake. "Halafu akaniuliza vile vipande vingine ni vya nani na nani."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia sijui vyote. Vingine nimesahau." Sauti ya kanisani haikuwepo. "Mama, nimesahau kweli. Sikuvitilia maanani."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, imekaa palepale. Sikumshika bega wala sikumwambia vizuri mwanangu. Nikafungua kabati, nikazitoa skafu kumi na mbili zilizobaki, nikazimwaga mapajani mwake.

"Hiki cha zambarau ni cha mama muuza maziwa," nikasema. "Hiki cha mistari cha yule dereva, suruali ya harusi. Anza na hivyo, navijua mwenyewe. Vingine tutauliza mlango kwa mlango."

Akatafuta wembe mwingine kwenye droo, akaanza kufumua.