Kasimu na Ukaguzi wa Mizizi

Mjinga wa siku ile alikuwa Kasimu. Tuseme mapema, tusije tukapoteza wakati kumtafuta mwingine, maana hata yeye mwenyewe alikwisha kukubali, ingawa alikubali kwa kuchelewa na mbele ya barabara nzima.

Kasimu alikuwa fundi cherehani pale Kindu, mshona abakosi za wakubwa, suti zile zisizovaliwa na tai, na juu ya ufundi huo alikuwa mkuu wa salongo katika barabara yao. Salongo ilikuwa kazi ya umma ya kila siku ya posho, yaani Jumamosi. Kila raia aliiendea kwa hiari yake, na asiyekuwa na hiari alifuatwa nyumbani. Alama ya ukuu wa Kasimu ilikuwa kitambaa cha kijani alichofunga mkononi, juu ya kiwiko. Alikishona mwenyewe, mishono miwili miwili, na mkewe Safi alizoea kuwaambia wenzake kisimani kwamba bwana yake akienda kulala huvua kila kitu isipokuwa hicho.

Basi ikatangazwa kwamba mkubwa mmoja wa Chama atatoka Bukavu kuja kuutazama mji, na gari lake litapita barabara hiyo hiyo. Mji ulitakiwa uwe umechanua. Watu wa barabara ya Kasimu wakapangiwa ibiskusi, yale maua mekundu yanayotoa ulimi nje kama mtoto aliyekosa adabu. Kila nyumba iwe na uzio wake wa ibiskusi, hai, wa kijani, wenye maua.

Aliyeleta agizo ni Félicien, mjumbe wa zone, yaani wilaya. Siku zile hakuwa Félicien tena, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Alikuwa na jina refu la mababu ambalo yeye mwenyewe alilisoma polepole, akiitazama kadi yake. (Jina la Kasimu halikuguswa. Karani alidhani ni la mababu wa kule Kailo, kijijini.)

"Zikichanua, unabaki na kitambaa chako," Félicien alimwambia. "Zisipochanua, nampa Tambwe."

Tambwe alikuwa jirani, muuza samaki wa kukausha kutoka Lokandu, mtu wa maneno machache na macho yanayocheka. Mwaka uliotangulia, watu walipoamriwa kupanda miti ya kivuli, Tambwe alisimika mchi wa kutwangia sombe, yaani majani ya muhogo, akaumwagilia maji asubuhi na jioni kwa heshima zote. Kasimu akausifu mkutanoni kuwa mti wa mfano. Aliusifu mpaka mke wa Tambwe alipokuja kuung'oa, kwa sababu watoto walikuwa na njaa.

Kitu hicho Kasimu hakukisahau. Akaapa kwamba safari hii hatasifu kitu ambacho hajakiona mizizi.

Tusimwonee lakini: kazi aliijua. Alikata matawi yasiyo mabichi sana wala makavu, akayakata kwa mshazari chini ya fundo, kwa mkasi wake wa nguo, kama anayekata kola. Akawaonyesha watu namna ya kuondoa majani yote na kuacha mawili ya juu, namna ya kuvichomeka vijiti katika mikebe ya mafuta iliyojaa mchanga wa mto Lualaba, mchanga ulowe lakini usiogelee, kisha kuweka mikebe kivulini na kuifunika mifuko ya nailoni ili unyevu usitoroke. Watu wakafanya. Hata Mama Adolphine, ambaye kwa kawaida hakupenda kuelekezwa na mwanamume, alifanya, na akakiri kuwa ni kazi nzuri, haina jasho.

Kijiti cha ibiskusi hakina makuu. Kinataka mchanga wenye maji kidogo, kinataka kivuli, na kinataka kusahauliwa. Vile viwili vya kwanza Kasimu alikuwa navyo tele.

Siku ya posho ya kwanza alifika kwa Tambwe, kitambaa kimenyooshwa kwa pasi.

"Citoyen Tambwe, kazi inaenda?" (Citoyen ni raia; ndivyo watu walivyotakiwa kuitana.)

"Inaenda, shefu. Vijiti njo vile." Njo ya Kindu ni ndio ya kwingine.

"Naviona. Mizizi iko wapi?"

"Mizizi iko chini, shefu. Njo kwao."

Kasimu hakucheka. Aliinama, akakichomoa kijiti cha kwanza, akakiinua kwenye jua. Kwenye ncha kulikuwa na vinundu vyeupe, kama ufizi wa mtoto anayetaka kuota meno. Moyo wake ukatulia. Akakirudisha, akakibana kwa kidole gumba kama anayepiga muhuri, akachomoa cha pili. Alipomaliza kwa Tambwe akaenda kwa Mama Adolphine, kisha kwa jirani yao Onema, kisha kwa wote. Hakuacha kijiti hata kimoja, maana haki ni haki.

Posho iliyofuata vinundu vilikuwa vimekwisha kuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi zile zilibaki mchangani, kijiti kikaja peke yake.

"Hiki kilikuwa kinaanza mizizi posho iliyopita," alimwambia Mama Adolphine kwa uchungu. "Leo hakina. Nani ameichukua?"

"Labda ilikuona ikakimbia," alisema Mama Adolphine.

Kasimu akaona hapo pana jambo. Akaanza kuja na katikati ya juma pia.

Nyumba moja tu hakuikagua: ya pembeni, ya Bibi Halima, mama yake Safi. Mukwe ni mukwe. Mkwe mwanamume hainami mbele ya mama mkwe wake, haingii uani kwake bila kuitwa, sembuse kuchomoa kitu chake mchangani na kukitazama chini. Kasimu alikuwa akisimama barabarani, anakohoa, anageuzia uso upande wa pili.

"Mukwe, muliamka?"

"Tuliamka, baba," sauti ilijibu nyuma ya pazia.

"Na vijiti viliamka?"

"Vyote."

Basi akapita. Katika barabara nzima, hilo ndilo neno pekee aliloliamini kwa masikio.

Miezi ikapita, mvua zikaja, mikebe ikamwagwa na vijiti vikapangwa mbele ya nyumba. Zilipobaki siku chache mkubwa afike, Félicien akaja kutangulia kutazama. Kuanzia kwa Tambwe mpaka kwa Onema vilisimama vijiti vyeusi, vikavu, kama miswaki iliyokwisha kazi. Kule pembeni tu, kwa Bibi Halima, kulikuwa na ibiskusi za kijani zinazofika magotini, na maua yametoa ndimi.

Watu wakakusanyika. Félicien aliuliza polepole, kama anayesoma jina lake:

"Citoyen Kasimu, hii ni nini?"

"Citoyen mujumbe, watu wameharibu kazi. Wanamwagia vijiti maji ya moto."

"Maji ya moto?" alisema Tambwe. "Shefu, sisi hata ya chai hatupate."

Félicien akainua mkono. "Sikilizeni. Kama raia njo wameharibu, barabara nzima itachimba mifereji ya soko mpaka kiangazi kiishe. Kama mukuu wao njo ameharibu, anipe kitambaa sasa hivi. Nangoja."

Kasimu akakifunika kitambaa kwa kiganja, bila kujua. Kisha akaonyesha ile nyumba ya pembeni, na uso wake ukang'aa, maana alikuwa amepata ushahidi.

"Muangalie kwa mukwe wangu. Vijiti vilitoka ku muti ule ule. Muchanga ule ule, mvua ile ile. Tofauti ni nini? Nidhamu."

"Tofauti ni mikono yako, shefu," alisema Mama Adolphine. "Ulikuwa unavichomoa kila siku."

"Nilikuwa nakagua! Kitu kisichokaguliwa hakiendi mbele. Hata muntu, anashika kazi kama anajua anaangaliwa. Tena mukwe wangu njo angekuwa mufano kwenu: mama mukubwa, yuko peke yake, na vyake vyote vimeota. Ninyi munasema ni mikono yangu."

Watu wakaanza kusema wote pamoja. Onema akasema hili, Kasimu akalijibu, Mama Adolphine akalirudisha. Félicien akachoka, akaligeukia lile pazia.

"Mama, wewe ulifanya namna gani?"

Pazia halikufunguka. Bibi Halima hakuwa mtu wa kubishana na mkwe wake uso kwa uso, tena mbele ya watu. Aliita binti yake, aliyekuwa amesimama katikati ya umati.

"Safi."

"Mama."

"Mwambie bwana yako vijiti vyangu vimeota kwa sababu ananiogopa. Na umuulize: siku alikuoa, kama ningekuwa nakuja kila posho kukuchomoa mule mwa nyumba yake, nikuinue ku jua, niangalie kama umeshika mizizi, leo angekuwa na bibi?"

Kasimu akalitazama lile pazia, akafungua fundo la kitambaa, akakiweka mkononi mwa Félicien.